Kupitiwa, na Jinsi Kunavyopimwa

Kazi yangu ni kusoma prufu, yaani kurasa za kitabu zilizokwisha kupangwa na zinazosubiri kupigwa chapa, na kwa miaka mingi niliamini kwamba nina umakini mzuri kwa sababu tu hakuna aliyewahi kunionyesha vinginevyo. Kisha mwongozo mmoja wa mitambo niliousoma mimi ukatoka na kosa katika ukurasa wa 212. Sentensi iliyotakiwa kusomeka "mashine isizimwe ghafla" ilichapwa "mashine izimwe ghafla". Herufi mbili zilikuwa zimedondoka, nazo ndizo zilizobeba katazo lote. Nilipoitoa kabatini nakala ya prufu, nilikuta saini yangu ya kifupi chini ya ukurasa huo, na katika ukurasa uliotangulia nilikuwa nimeondoa mkato uliokaa mahali pasipo pake. Kwa hiyo macho yalifika pale, mwenyewe sikuwapo.

Nilipoulizwa nini kilitokea, nilijibu kama ambavyo msemaji yeyote wa Kiswahili angejibu: nilipitiwa. Neno hili limekaa katika kauli ya kutendwa, na nadhani halikukaa hivyo kwa bahati. Hakuna anayesema amejipitia. Usingizi humpitia mtu, shetani humpitia mtu, na silabi ya ukurasa wa 212 nayo ilinipitia ikaenda zake. Lugha inalichukulia jambo hili kuwa ni tukio, lenye saa yake na mahali pake, wakati sisi wenyewe tukizungumza juu ya umakini tunauona kama maji ndani ya mtungi, ambayo huyu amejaaliwa mengi na yule machache. Nilianza kusoma jinsi wanasaikolojia wanavyopima uwezo wa mtu kudumisha umakini, kwanza ili nipate la kujitetea na baadaye kwa sababu sikuweza kuacha, na niliona kwamba vipimo vyao vilivyo bora viko upande wa lugha. Vinahesabu mara ambazo mtu amepitiwa, na vinatazama mara hizo ziliangukia wapi katika muda.

Kipimo ambacho karibu kila mtafiti wa jambo hili hurejea kwake kilizaliwa vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na waendeshaji rada waliotazama vioo kwa saa nyingi wakitafuta nyambizi, na lilitaka kujua zamu iwe ndefu kiasi gani kabla mtazamaji hajaanza kuziacha alama zimpite. Mwanasaikolojia Norman Mackworth alitengeneza kifaa kilichofanana na saa ya ukutani iliyovuliwa kila kitu cha maana: uso mweupe usio na namba, na mshale mweusi uliopiga hatua moja kila sekunde, hatua 100 kwa mzunguko. Mara chache, bila utaratibu ambao mtu angeweza kuutabiri, mshale huo uliruka hatua mbili kwa mpigo mmoja. Mruko huo wa mara mbili ndio uliokuwa ishara, na anayeuona alitakiwa kubonyeza kitufe. Katika kila nusu saa palikuwa na ishara 12 tu, zikiwa zimezama ndani ya hatua karibu 1,800 zisizo na maana yoyote, na mtu alikaa peke yake mbele ya kifaa hicho kwa saa mbili.

Jaribu kuwaza ukiwa mbele ya uso ule mweupe. Hakuna namba ya kukusaidia kukumbuka mshale ulikuwa wapi, hakuna hadithi ya kukuvuta, hakuna ujuzi wa kazini unaoweza kukuokoa, na mwenye miaka ishirini ya uzoefu yuko sawa na aliyeingia jana. Nilipokuwa mgeni katika masomo haya niliudhika na ukavu huo, nikaona kwamba hakuna kazi halisi iliyo kama hiyo. Sasa naona ndipo ulipo ufundi wake. Mtu anaposoma prufu, ujuzi wa lugha unaweza kuziba pengo la umakini, na pia unaweza kulifunika pengo hilo lisionekane. Ukitaka kuona pengo lenyewe, ni lazima umnyang'anye mtu kila kitu kingine.

Matokeo ambayo Mackworth aliyachapisha mwaka 1948 yanajulikana sana, ingawa mara nyingi husimuliwa vibaya. Katika nusu saa ya kwanza watazamaji walikosa takribani asilimia 15 ya ishara. Katika nusu saa ya pili walikosa kiasi cha robo, na baada ya hapo hali ilizidi kuharibika kwa kiasi kidogo sana. Wengi wetu tunadhani umakini hupungua kama mshumaa, kidogokidogo hadi mwisho, na kwamba hatari iko katika saa ya mwisho ya zamu. Mstari wa grafu yake unasema kwamba sehemu kubwa ya hasara hutokea mapema, mtu angali anajiona mzima, kisha hutulia katika kiwango kipya cha chini ambacho mhusika hukizoea. Mackworth aliwapigia pia watazamaji simu katikati ya zamu na kuwaomba wajitahidi zaidi, nao wakarudi kwa muda karibu na pale walipoanzia. Aliona tena kwamba wakitazama nusu saa na kupumzika nusu saa, mporomoko huo hauonekani.

Habari ya simu ndiyo iliyonifanya nisite. Kama sauti ya mtu inaweza kurudisha kilichopotea, basi kilichopotea hakikuwa kimeisha, na neno "kuchoka", ambalo sote hulikimbilia, halitoshi kukieleza.

Watafiti waliofuata walipata zana ya kuliuliza swali hili vizuri zaidi kutoka katika nadharia ya utambuzi wa ishara, iliyokuzwa miaka ya 1950 kutokana na kazi za rada na mawasiliano. Nadharia hiyo inasema kwamba mtu anapojibu "nimeona" au "sijaona", ndani ya jibu hilo mna mambo mawili yaliyochanganyika. La kwanza ni jinsi anavyoweza kutofautisha ishara na kelele inayoizunguka. La pili ni jinsi alivyo mwepesi au mzito wa kusema "nimeona", yaani kizingiti alichojiwekea moyoni. Mtu mwenye kizingiti cha chini atakamata ishara nyingi lakini atapiga pia mayowe mengi ya bure. Mwenye kizingiti cha juu atanyamaza pale penye shaka, akaacha nyingine zipite. Ili kuyatenganisha mambo hayo, haitoshi kuhesabu ishara zilizokoswa; ni lazima kuhesabu pia mayowe ya bure. Mayowe hayo yalipohesabiwa, ilionekana kwamba katika majaribio mengi nayo hupungua kadiri muda unavyokwenda. Macho hayakuwa yameharibika sana. Mtu alikuwa amekuwa bahili wa neno "ndiyo".

Nilipolisoma hilo nilirudi kabatini. Msomaji wa prufu huweka alama ya kuuliza pambizoni kila anapokuwa na shaka, na mara nyingi mhariri huifuta kwa sababu hapakuwa na tatizo. Alama hizo zilizofutwa ndizo mayowe yangu ya bure, na zimehifadhiwa kwa kalamu ya risasi katika vitabu vyote nilivyosoma. Nilichukua vitabu vitatu vinene, nikavigawa kwa sura, nikahesabu. Katika sura za mwanzo pambizo zilikuwa zimejaa alama za kuuliza, nyingine za kijinga kabisa, kama ile niliyoshuku neno "pambizo" lenyewe. Kuelekea katikati zilianza kuadimika, na karibu na mwisho kulikuwa na kurasa kumi na zaidi zisizo na hata moja. Nilikuwa nikidhani kwamba ule ulikuwa uzoefu wa kitabu, kwamba nimekwisha kumzoea mwandishi na mtindo wake. Huenda kweli ilikuwa hivyo kwa sehemu. Lakini ukurasa wa 212 ulikuwa ndani ya moja ya zile kurasa kumi safi.

Haki inataka niseme kwamba hadithi ya kizingiti haielezi kila kitu. Mwaka 1979 Raja Parasuraman alionyesha kwamba kazi ikienda kwa kasi na ikimlazimu mtu alinganishe anachokiona sasa na kitu alichokishika kichwani, uwezo wenyewe wa kutofautisha nao hushuka. Saa ya Mackworth haikuachi na kitu cha kulinganisha isipokuwa kumbukumbu ya mruko uliopita, na kusoma prufu ni hivyohivyo: sahihi iko kichwani, kosa liko karatasini. Hili pia limevunja dhana ya zamani kwamba kazi za kutazama kwa muda mrefu ni kazi rahisi zinazochosha kwa sababu ya uvivu wake. Watu wanaozifanya hutoka wakisema wamefanya kazi ngumu, na vipimo vya mzongo wa akili vinawaunga mkono.

Vipimo vilivyokuja baadaye ni vingi, nami sitavipanga vyote hapa. Kuna kile cha mwaka 1956 kilichobuniwa na Rosvold na wenzake kwa ajili ya watu walioumia ubongo, ambapo herufi hupita moja baada ya nyingine na mtu hubonyeza akiona X, au akiona X iliyotanguliwa na A. Watoto wengi wanaochunguzwa leo kwa matatizo ya umakini hukutana na mjukuu wa kipimo hicho. Kuna pia kile cha mwaka 1997 cha Ian Robertson na wenzake, ambacho kiligeuza mambo juu chini: tarakimu kuanzia 1 hadi 9 hupita kwenye skrini, zaidi ya 200 kwa dakika nne na ushei, nawe unabonyeza kwa kila moja isipokuwa 3. Nilikijaribu nikidhani ni mchezo. Baada ya dakika moja kidole kilikuwa kimejifunza mdundo na hakikuhitaji ruhusa yangu. 3 ilipofika nilikuwa nimekwisha kubonyeza, na nilijua nimekosea sehemu ya sekunde baada ya kukosea. Watafiti hao waligundua kwamba muda mfupi kabla ya kosa majibu ya mtu huwa yameanza kuharakika. Hapo ndipo kupitiwa kunapoonekana kwa mara ya kwanza kabla hakujatokea.

Kipimo nilichokaa nacho zaidi, hata hivyo, ndicho kilicho kikavu kuliko vyote. David Dinges na John Powell walikieleza mwaka 1985, na tangu hapo kimekuwa rungu la watafiti wa usingizi. Unatazama kisanduku kitupu. Baada ya sekunde mbili, au kumi, au muda wowote ulio katikati, tarakimu zinaanza kukimbia ndani yake zikihesabu milisekunde, nawe unabonyeza kuzisimamisha. Ndiyo hivyo tu, kwa dakika kumi. Mtu aliyelala vizuri huzisimamisha karibu na milisekunde 250, na jibu lolote linalozidi 500 huhesabiwa kuwa ni kupitiwa. Kwa wiki tatu nilikifanya kila asubuhi kwa programu ya kompyuta, nikijua kwamba kibodi na skrini za nyumbani huongeza ucheleweshaji wao wenyewe, hivyo namba zangu zilifaa kulinganishwa na namba zangu tu.

Nilichojifunza ni kwamba wastani ni mwongo mwenye adabu. Asubuhi mbili zinaweza kuwa na wastani unaokaribiana na zisiwe na uhusiano wowote: moja majibu yote yamejikusanya pamoja kama kuku jioni, nyingine mengi ni ya haraka kuliko kawaida na matano yametawanyika huko mbali, moja likiwa limefika milisekunde 1,340. Sekunde moja na theluthi mbele ya kitu kinachokimbia katikati ya skrini tupu, macho yakiwa wazi! Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini hawakusema kama nyuma ya macho kuna mtu. Ndiyo maana watafiti wa kipimo hiki hawashughulishwi sana na kasi ya mtu; wanaangalia mkia wa yale majibu ya polepole, kwa sababu mtu aliyekosa usingizi bado anaweza kuwa mwepesi katika majibu yake mengi. Anachopoteza ni uthabiti.

Jaribio moja lililotumia kipimo hiki limebadilisha jinsi ninavyomsikiliza mtu anayesema yuko sawa. Mwaka 2003 Hans Van Dongen, Dinges na wenzao walichapisha matokeo ya watu wazima wenye afya waliowekwa maabara kwa siku 14, wengine wakiruhusiwa saa nane kitandani kila usiku, wengine sita, wengine nne. Waliopewa saa sita au nne walipitiwa mara nyingi zaidi kila siku iliyopita, bila dalili ya mwili kuzoea, hata mwishoni wakafikia hali ya mtu aliyekesha usiku mzima au zaidi. Lakini walipoulizwa wanajisikia usingizi kiasi gani, majibu yao yalipanda siku za mwanzo kisha yakatulia. Walijiona wamezoea. Mstari wa namba ulizidi kwenda juu na mstari wa maneno yao ukalala, na pengo kati ya mistari hiyo miwili ndilo linaloeleza kwa nini umakini haupimwi kwa kumuuliza mwenyewe. Kifaa kinachotumika kujua kama umepitiwa ndicho hichohicho kilichopitiwa.

Hapa naomba nitoe dukuduku. Mara kwa mara mtu hunitumia ile habari kwamba umakini wa binadamu siku hizi ni sekunde nane, chini ya ule wa samaki wa dhahabu. Hakuna utafiti nyuma ya tarakimu hiyo, si kwa mtu wala kwa samaki. Tarakimu ya Gloria Mark, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia kompyuta, ni ya kweli: alipofuata watu kazini mwaka 2004 walikaa kwenye skrini moja kwa wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia nyingine, na katika miaka ya karibuni muda huo umeshuka hadi sekunde 47 hivi. Hata hivyo hicho ni kipimo cha desturi ya kuhama. Anayehama kila dakika leo anaweza kuwekwa mbele ya saa ya Mackworth na akafanya kama watu wa 1948. Wanaochanganya mambo haya mawili wanapima mara ngapi mtu anasimama kutoka kitini, kisha wanatangaza kwamba miguu yake imedhoofika.

Na kwa wanaohofia umri, mwaka 2015 Francesca Fortenbaugh na wenzake walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 10,000 waliofanya jaribio kwa njia ya intaneti, ambamo picha za miji na za milima huyeyuka moja ndani ya nyingine na mtu hubonyeza kwa mji, akijizuia kwa mlima. Uwezo uliendelea kupanda polepole hadi karibu miaka 43, ndipo ukaanza kushuka. Nimekwisha kuupita umri huo, kwa hiyo naupokea utafiti kwa moyo mmoja na nusu.

Jibu la ukurasa wa 212, kama lipo, nililipata mahali ambapo sikulitarajia. Mwaka 2005 Jeremy Wolfe na wenzake waliwapa watu kazi iliyofanana na ya wakaguzi wa mizigo, ya kutafuta kitu fulani ndani ya picha zilizosongamana. Kitu hicho kilipokuwamo katika nusu ya picha, watu walikikosa kwa asilimia 7. Kilipokuwamo katika asilimia 1 tu ya picha, walikikosa kwa asilimia 30. Picha zilikuwa zilezile na macho yalikuwa yaleyale. Uhaba peke yake ulitosha. Ndiyo maana mashine za eksirei katika viwanja vya ndege huweza kuingiza mara kwa mara picha za silaha za bandia, ili mkaguzi asifike mahali pa kuamini kwamba hakuna kitu. Mwongozo ule wa mitambo ulikuwa umesomwa na wahariri wawili kabla yangu. Ulinifikia ukiwa safi sana, nami niliusoma kwa raha, nikausifu.

Tangu hapo nimefanya mapatano na mwenzangu wa ofisini. Kabla prufu haijanifikia, yeye hupanda ndani yake makosa 12, idadi niliyoichagua kwa heshima ya ile saa, na huyaorodhesha katika karatasi anayoifunga ndani ya bahasha, kwa kuwa kosa la kupandwa likisahaulika litakwenda mtamboni pamoja na mengine. Mimi husoma kwa nusu saa, napumzika, nasoma tena. Katika kitabu cha pili tulichofanya hivyo nilimrudishia makosa 11 ya kwake pamoja na mengine manne ambayo hakuyapanda yeye. Alifungua bahasha, akashuka na kidole kwenye orodha, akatabasamu.

"Umebakiza moja," alisema, "ukurasa wa 188."

Nilifungua. Alikuwa amechagua sentensi ya katazo na kuondoa "si", kwa makusudi, kwa kuwa habari ya ukurasa wa 212 aliijua vizuri. Niliisoma sentensi ile nikiwa najua ninachokitafuta, na mara ya kwanza bado niliisoma ikiwa na "si" yake. Ilinibidi niweke ncha ya kalamu chini ya kila silabi ndipo nikaona kwamba haipo.